Akili ya rubani inapohama, ndege hupotea njia

Mnamo Oktoba 21, 2009, ndege ya shirika la Northwest la Marekani iliondoka San Diego ikiwa na abiria 144 kuelekea Minneapolis. Injini hazikuwa na kasoro yoyote. Hata hivyo, waongozaji ndege walioko ardhini waliwaita marubani kwa redio kwa zaidi ya saa moja bila kujibiwa, nayo ndege ikaupita mji huo kwa zaidi ya kilomita 160. Aliyewazindua marubani ni mhudumu mmoja, aliyewapigia simu ya ndani kuuliza watatua saa ngapi.

Watu wengi walishuku kwamba wawili hao walikuwa wamelala. Wenyewe walikana. Walipimwa pumzi, na pombe haikupatikana. Maelezo yao ni kwamba walikuwa wamefungua kompyuta zao, mmoja akimweleza mwenziwe utaratibu mpya wa kupanga zamu za kazi. Walinyang'anywa leseni zao.

Je, yawezekanaje watu wawili wenye uzoefu wa miaka mingi wasahau kwamba wako kwenye usukani wa ndege?

Wataalamu wa ubongo hawashangai. Binadamu hawezi kufikiria mambo mawili mazito kwa wakati mmoja. Tunapodhani tunayafanya yote mawili, ubongo huwa unaruka kutoka hili hadi lile na kurudi, na kila unaporuka, kitu fulani huweza kuachwa nyuma. Yeyote ambaye maziwa yamewahi kufurika jikoni akiwa kwenye simu anaelewa jambo hili. Hakuwa mbali na jiko. Macho yalikuwa pale pale, ila akili ilikuwa imehama.

Masikio nayo huzibwa vivyo hivyo. Usiku wa Desemba 29, 1972, ndege ya shirika la Eastern ilikuwa ikikaribia Miami ikiwa na watu 176. Taa ndogo inayothibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka ilikataa kuwaka. Marubani waliuachia mtambo wa kujiendesha uishikilie ndege kwenye futi 2,000, kisha wote wakaishughulikia taa hiyo. Inaaminika kwamba mmoja wao aliusukuma usukani kidogo bila kujua, na ndege ikaanza kushuka polepole gizani. Mlio wa onyo ulisikika kwenye kinasa sauti, lakini hakuna hata mmoja aliyeutaja. Ndege iliangukia kinamasi na watu 101 wakafa. Baadaye iligunduliwa kwamba gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa. Kilichoungua ni balbu.

Kuna tatizo jingine, nalo ni uchovu wa kuangalia tu. Mtafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, aliwaketisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja na kuwaambia waashirie kila ulipopiga hatua maradufu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba ndani ya nusu saa tu walianza kukosa mengi. Rubani wa leo, ambaye ndege yake hujiendesha kwa saa nyingi, hana tofauti kubwa na watu wale. Kadiri mtambo unavyokuwa hodari, ndivyo anayeuangalia anavyozidi kusinzia kimawazo.

Haraka nayo huongeza hatari. Karibu na Cali, Kolombia, mnamo Desemba 20, 1995, marubani wa shirika la American walikubali kubadilisha njia ya kutua dakika za mwisho. Waliingiza herufi R kwenye kompyuta wakidhani wanakielekea kituo cha Rozo. Kompyuta ilichagua kituo kingine karibu na Bogotá, na ndege ikageuka kuelekea milimani. Watu 159 walikufa.

Tangu 1981 sheria ya Marekani imewakataza marubani mazungumzo na shughuli zozote zisizohusu kazi ndege inapokuwa chini ya futi 10,000, isipokuwa ikiwa safarini kwenye kimo cha kawaida. Mwaka 2014 ilipiga marufuku kompyuta na simu za matumizi ya binafsi katika chumba cha marubani. Dereva wa gari hana sheria kali kiasi hicho, naye yuko karibu zaidi na vitu vya kugonga. Wanaodhani kwamba simu ya kuvalia masikioni ni salama wanakosea, kwa sababu mikono haikuwa tatizo hapo awali. Mazungumzo ndiyo yanayoiondoa akili barabarani.

Wahudumu nao hawaruhusiwi kuwasumbua marubani ndege inapokaribia kutua, ila kwa jambo la usalama. Juu angani, mambo hugeuka: katika mashirika mengi mhudumu huwapigia simu mara kwa mara ili kuhakikisha tu kwamba kuna anayejibu.