Flaiwili iliyokwama hung'olewa kwa subira, si kwa nyundo

MAFUNDI wa magari wanaofanyia kazi zao kandokando ya barabara katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, hupokea magari ya kila umri, yakiwemo yale ambayo viwanda viliacha kuyaunda zamani. Miongoni mwa kazi zinazowatoa jasho ni kuondoa flaiwili iliyokwama katika injini kuukuu.

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma linalofungwa kwenye ncha ya krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Uzito wake huiwezesha injini kuzunguka bila kushtukashtuka. Meno yaliyo ukingoni hushikwa na stata gari linapowashwa, nao uso wake hubanwa na klachi ili nguvu zifike kwenye giaboksi. Huhitaji kuondolewa meno hayo yanapokatika, au sili iliyo nyuma yake inapovujisha mafuta.

Mfano bora ni Volkswagen Beetle, gari ambalo Wakenya wanalikumbuka tangu Vic Preston na D. P. Marwaha waliposhinda mbio za Safari mwaka wa 1954. Tommy Fjastad naye alilipa gari hilo ushindi mwaka wa 1962. Beetle ya mwisho ya aina hiyo iliundwa nchini Mexico mnamo Julai 2003. Kwa hivyo, krenkishafti yake ikiharibika, mwenye gari hawezi kuingia dukani na kuchukua nyingine kama anunuaye plagi.

Magari mengi hufunga flaiwili kwa bolti kadhaa. Beetle huifunga kwa nati moja tu, kubwa, ya milimita 36, iliyo katikati. Pini za chuma zilizopenya kwenye krenkishafti huizuia isiteleze. Nati hiyo hukazwa kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 300, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 30 kwenye ncha ya mpini wa urefu wa mita moja. Kutu ikiongezeka kwa miaka mingi, nati hukataa kulegea na pini hugandamana na matundu yake.

Hapo ndipo wengi hukimbilia nyundo na patasi. Patasi huharibu pembe za nati hadi spana isiishike tena. Bisibisi inayosokomezwa kwenye meno ili kuzuia mzunguko huyavunja. Mtaimbo unaoegemezwa kwenye kasha la injini hulipasua, kwa kuwa kasha la Beetle limetengenezwa kwa aloi laini ya magnesiamu. Dakika kumi zilizookolewa zinaweza kummezea fundi malipo ya kazi nzima na kumpotezea mteja.

Njia salama huanza kwa kukata waya wa betri na kushusha injini. Bolti za klachi hulegezwa kidogo kidogo kwa kuvuka upande hadi upande, ili sahani yake isipindike. Kisha fundi hutia alama kwenye flaiwili na kwenye krenkishafti, kusudi virudishwe vilivyokuwa na mizani isipotee.

Hatua inayofuata ni kuzuia flaiwili isizunguke. Kipande kirefu cha chuma cha pembe hufungwa kwa bolti mbili kwenye matundu ya klachi, na ncha yake ikaegemezwa chini. Soketi ya milimita 36 hutiwa mpini imara, kisha mpini ukarefushwa kwa paipu. Nati hufunguliwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwa kusukuma taratibu bila kurukia. Paipu ya mita mbili hupunguza kwa nusu nguvu zinazohitajika, na hapo ndipo siri yote ilipo: urefu hufanya kazi ambayo misuli haiwezi.

Nati ikishalegea, haifai kutolewa yote. Ikiachwa kwenye nyuzi chache, itaidaka flaiwili isije ikaangukia miguu ya fundi. Mafuta ya kulegeza kutu humiminwa kwenye viungo vya pini na kuachwa usiku kucha. Asubuhi, flaiwili hugongwa polepole kutoka nyuma kwa nyundo ya mpira au ya mbao, upande huu kisha upande ule, hadi itoke ikiwa imenyooka.

Katika hali hiyo, moto wa gesi ya kuchomelea ni hatari. Hutafuna sili na, ukiligusa kasha, magnesiamu inaweza kuwaka. Moto wa magnesiamu haumwagiwi maji, maana huzidi kulipuka. Hufunikwa kwa mchanga mkavu.

Flaiwili ikitoka, matundu ya pini hukaguliwa. Yakiwa yamekuwa mviringo wa yai, itatikisika na kuzikata pini tena. Vibati vitatu vyembamba vya mviringo vilivyo nyuma yake huhifadhiwa kwa mpangilio wake, kwani ndivyo vinavyodhibiti mchezo wa krenkishafti mbele na nyuma, ambao hupaswa kuwa kati ya milimita 0.07 na 0.13.

Wakati wa kurudisha, asiye na spana ya kupimia nguvu anaweza kutumia mizani ya kuning'iniza: aivute kwenye mpini wa mita moja, mizani na mpini vikifanya pembe mraba, hadi isome kilo 30.

Ujuzi huu aghalabu haufundishwi darasani. Mwanagenzi huupata kwa kutazama mikono ya fundi wake. Akimwona akigonga, naye atagonga. Akimwona akipima, naye atapima.