Miwani ya uhalisia pepe: hatari ya kifafa imeachiwa mnunuzi

Tarehe 16 Desemba 1997, katuni ya Pokémon iliyokuwa ikirushwa Japani ilionyesha mlipuko ambamo rangi nyekundu na buluu zilipishana kama mara 12 kwa sekunde moja. Tukio lilidumu sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali, na baadhi ya waliopatwa na degedege jioni ile hawakuwahi kuugua kifafa. Katuni ilisimamishwa miezi minne, na mwaka uliofuata watangazaji wa Japani wakajiwekea kanuni za picha zinazomwekamweka.

Uingereza ilikwisha kulijua tatizo hilo tangu 1993, tangazo la tambi za Pot Noodle lilipowaangusha watazamaji kadhaa. Kanuni ya huko inaeleweka na yeyote: mimweko isizidi mitatu kwa sekunde pale inapochukua zaidi ya robo ya kioo. Tangazo hupitishwa kwanza kwenye programu inayohesabu mimweko hiyo, na likifeli linarudi kwa mtengenezaji likarekebishwe. Gharama ya kulipima ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kutengeneza tangazo lenyewe.

Biashara ya miwani ya uhalisia pepe imekua bila mlango wa namna hiyo. Fedha hazikukosekana. Facebook iliinunua kampuni ya Oculus mwaka 2014 kwa dola bilioni 2. Mwaka 2020 ikauza miwani ya Quest 2 kwa dola 299, bei iliyoifikisha miwani sebuleni kwa familia za kawaida za Marekani na Ulaya. Apple nayo iliingia sokoni 2024 na Vision Pro ya dola 3,499. Kitengo cha Meta, jina la sasa la kampuni ya Facebook, kinachoshughulika na bidhaa hizi kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024 peke yake. Kampuni inayoweza kubeba hasara hiyo kwa kutafuta soko inaweza pia kulipia upimaji wa picha zinazouzwa katika duka lake.

Badala yake, ulinzi mkubwa anaopewa mnunuzi ni maandishi. Onyo la Oculus lilisema kuwa mtu mmoja kati ya 4,000 anaweza kupatwa na kizunguzungu kikali, degedege au kupoteza fahamu kwa sababu ya mimweko, hata kama hajawahi kuugua, na kwamba jambo hili huwapata zaidi watoto na vijana walio chini ya miaka 20. Mwaka 2023 Meta ilishusha umri wa kufunguliwa akaunti kutoka miaka 13 hadi 10, kwa idhini ya mzazi. Kundi lililotajwa kwenye onyo ndilo hilo hilo linalofunguliwa mlango.

Kwa haki, miwani yenyewe si sumu. Kwa wagonjwa wa kifafa, wanaochochewa na mwanga ni kama 3 katika kila 100. Kasi inayowaathiri zaidi ni mimweko 15 hadi 25 kwa sekunde, ilhali vioo vya miwani ya sasa hujichora upya mara 72 hadi 120. Hatari imo ndani ya mchezo wenyewe: milipuko, taa za disko, radi, michirizi inayozunguka. Mwaka 2020 mwandishi wa jarida la Game Informer alipatwa na degedege akiucheza mchezo wa Cyberpunk 2077 kwenye kioo cha kawaida, mbele ya tukio la taa nyekundu na nyeupe zinazomwekamweka kwa kasi. Watengenezaji waliongeza onyo, kisha wakaibadilisha picha yenyewe. Ilibadilishika.

Ndani ya miwani tukio kama hilo ni zito zaidi. Mgonjwa wa kifafa anayetazama televisheni hushauriwa mambo matatu: akae mbali na kioo, taa ya chumbani iwake, na picha ikianza kumweka afunike jicho moja kwa kiganja, kwani kufumba yote mawili peke yake hakutoshi. Miwani inayafuta yote matatu. Kioo kiko vidole vichache kutoka machoni, kimejaza sehemu kubwa ya upeo wa kuona, giza limeizunguka picha, na kiganja hakiwezi kupita. Kinachobaki ni kuivua haraka, jambo ambalo aliyeanza kupoteza fahamu halimudu.

Hapo ndipo ninapoyahofia mabanda ya michezo katika maduka makubwa, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako mtoto hulipiwa dakika chache kisha miwani hupokezwa anayefuata. Onyo husomwa na aliyewasha mashine asubuhi. Mteja hulikuta limeshapita. Msimamizi anayemtazama mchezaji humwona mdomo na mikono tu. Macho yanayokodoa au kupepesa mfululizo, ambayo yanaweza kuwa dalili ya kwanza, yamefunikwa. Mikono ikianza kurukaruka, itadhaniwa ni mchezo.

Gharama ya kujilinda hapo ni ndogo. Msimamizi aulize kuhusu kifafa kabla ya kupokea pesa, achague michezo isiyo na mimweko, na ajue la kufanya: kuivua miwani, kumlaza mteja ubavu, kutomtia chochote kinywani, kuangalia saa, na kuita msaada wa hospitali degedege likipita dakika 5. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wapo watu kama milioni 50 wenye kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi hawajawahi kupimwa, kwa hiyo jibu la "sina" halimtoshi msimamizi.

Wanapobanwa, watengenezaji huchukua hatua. Mwaka 2021 sponji ya Quest 2 inayogusa uso ilipowawasha watu ngozi, kampuni ilikubaliana na wakala wa Marekani wa usalama wa bidhaa kurekebisha takriban vipande milioni 4, na wateja wakapewa kava za silikoni bure. Vipele vya usoni vilipata utaratibu kamili kuliko degedege.

Vifaa vya kupimia mimweko vipo tayari. Desemba 2023 kampuni ya michezo ya Electronic Arts ilitoa bure programu yake ya IRIS, inayokagua video na kuonyesha fremu zenye mimweko au michoro ya hatari. Studio ya vijana wanne inaweza kuitumia sawasawa na studio ya watu elfu. Wenye maduka ya programu, ambao tayari hukata asilimia yao kwenye kila mauzo, ndio walio na uwezo wa kudai matokeo ya kipimo hicho kabla mchezo haujawekwa rafuni.