Watu 12, Siku 14: Safari ya Programu ya Kwanza Kutoka Babati

Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo. Bei ikaporomoka, na pigo likawafikia wakulima wa Babati, ambako mbaazi ni zao la biashara. Uamuzi ulifanyika ng'ambo ya bahari. Hasara ikaangukia huku.

Kwa hiyo kijana wa Babati anayejifunza kuandika programu za simu hakosi wazo. Anaweza kutengeneza daftari la mauzo ya mbaazi, au orodha ya bei za mchele wa Magugu. Kazi ngumu ni kuitoa programu hiyo kwenye simu yake na kuifikisha kwenye simu za wengine.

Wengi huanzia Google Play, kwa kuwa simu nyingi za hapa ni za Android. Kufungua akaunti ya mtengenezaji hugharimu dola 25, zinazolipwa mara moja tu. Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Baada ya kuthibitisha utambulisho wake, kijana huandaa jina la programu lisilozidi herufi 30, maelezo mafupi yasiyozidi 80, nembo, na picha zinazoonyesha programu ikifanya kazi. Yote haya anaweza kuyafanya peke yake, usiku, bando likiwepo.

Hatua inayofuata haifanyiki peke yake. Mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hawezi kuitoa programu kwa umma kabla haijajaribiwa na watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20. Idadi ilipunguzwa Desemba 2024. Kila mmoja awe na simu ya Android na anwani ya Gmail, na asijitoe kabla ya siku hizo kutimia. Hapo ndipo penye kazi: wapo wengi waliofunguliwa Gmail na fundi siku waliponunua simu, na hadi leo hawaijui anwani yao.

Mtandaoni wapo wanaouza wajaribu. Namsihi kijana asiwanunue. Mtu asiyewahi kuuza hata debe moja la mbaazi atakwambia programu ni nzuri. Mama anayenunua mbaazi gulioni atakwambia kwamba wakulima wake wanapima kwa debe, na programu yako inajua kilo tu. Siku 14 zikiisha, Google itakuuliza uliwapataje wajaribu, walisema nini na ulirekebisha nini. Mwenye wajaribu wa kweli ana majibu.

Mfano wa programu iliyoanzia kwenye mazingira halisi tunao hapa Tanzania. Nuru, programu inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu hata pasipo intaneti, ilifundishwa kwa picha zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Ilianzia kwenye majani ya mihogo yetu wenyewe.

Kuna jambo jingine lisilopaswa kurukwa. Daftari la mauzo hubeba majina na namba za simu za wakulima. Google hudai sera ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawalinda wakulima hao. Omba taarifa unazozihitaji tu, na ueleze kwa Kiswahili chepesi unazitumiaje.

Huku kwetu barabara na madarasa yamejengwa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu. Programu ya kwanza ya kijana wa mtaani kwako nayo inahitaji msaragambo wa watu 12. Akikuomba, mpe anwani yako ya Gmail, si nenosiri. Itumie programu yake kwa wiki mbili bila kuifuta, kisha mwambie ukweli kuhusu kila kilichokushinda.