Sababu Tunazojitungia

Anapoajiriwa mtu kwa kubebwa, tunasema aliyembeba ana lake jambo. Mara nyingi ni kweli. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulifichua nia iliyo ngumu zaidi kuinasa, maana hata mwenye nayo hajui kwamba anayo.

Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen waliwataka watu wampime mwombaji wa kazi ya ukuu wa polisi. Mwombaji aliitwa Michael au Michelle; ama ni msomi asiyeijua mitaa, ama ni mjuzi wa mitaa asiye na elimu kubwa. Michael alipokuwa msomi, elimu ilionekana nguzo ya kazi hiyo. Alipoikosa, uzito wake ukashuka. Michelle hakufanyiwa hisani hiyo. Wala hakuna aliyemzulia upungufu: sifa zake zilikubaliwa vilevile, ila kipimo ndicho kilichosogezwa. Linaloniuma zaidi ni hili: waliojiona wanaamua kwa haki tupu ndio walioegemea zaidi upande mmoja.

Mtu anawezaje kujidanganya hivyo bila kushtuka? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha hilo mwaka 2010 dukani, kwa jemu. Mteja alionja za aina mbili, akachagua moja, kisha akaombwa aonje tena ile aliyoichagua na aeleze kwa nini ameipenda. Hakujua kwamba kila chupa ina vyumba viwili na vifuniko viwili, juu na chini, na kwamba mtafiti ameipindua kichinichini. Hivyo alionja ile aliyoikataa. Kati ya chupa zilizopinduliwa, zilizoshtukiwa hazikuzidi theluthi moja. Waliobaki walieleza, kwa moyo mweupe, uzuri wa jemu waliyokwisha kuikataa. Akili huamua kwanza, halafu hutafuta sababu ya kuvalisha uamuzi wake, na sisi tunaiamini.

Ndiyo maana kumuuliza msaili kama alipendelea hakusaidii. Atakana, na hasemi uongo. Uhlmann na Cohen walipata dawa nyepesi kuliko viapo. Watu walipotakiwa kukubali vigezo kabla ya kujua mwombaji ni mwanamume au mwanamke, upendeleo ulitoweka.

Basi ukiitwa kwenye jopo la usaili, la kuajiri mwalimu au mhasibu wa saccos, sisitiza vigezo na alama zake viandikwe na kutiwa saini na wote kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa.