Usuhuba na Upweke wa Vibarua katika Riwaya ya Of Mice and Men

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema Waswahili. Ni rahisi kuikubali methali hii pale ambapo kufaana ni kupeana chakula au fedha. John Steinbeck, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Salinas, California, mwaka wa 1902, anaifikisha maana yake mahali ambapo msomaji husita. Riwaya yake fupi, Of Mice and Men (1937), inawasawiri George Milton na Lennie Small, vibarua wanaohama kutoka shamba hadi shamba katika kipindi cha mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Steinbeck mwenyewe aliwahi kufanya kazi za mashambani katika bonde hilo; hali anazozieleza hakuziokota vitabuni.

Shamba lenyewe liko karibu na Soledad, mji halisi ambao jina lake kwa Kihispania lina maana ya upweke. Mwenye shamba anapowaona watu wawili wakisafiri pamoja, hushuku: je, George anamla Lennie mshahara wake? Hata Slim, anayeheshimiwa na wote, hustaajabu. Panapozoeleka mtu kufanya kazi mwezi mmoja, kuutapanya ujira mjini na kwenda zake, urafiki huonekana kama ulaghai. Upweke hapa si hulka ya mtu bali ni zao la mfumo wa kazi. Vibarua hulala bweni moja na kula meza moja, ila hakuna akaaye muda wa kutosha kujuana na mwenziwe. George hucheza karata peke yake katikati ya watu, ishara ndogo inayoweza kumpita msomaji mwenye haraka.

Anayelifafanua jambo hili kwa uchungu zaidi ni Crooks, mtunza farasi mweusi ambaye mgongo wake uliumizwa kwa teke la farasi. Haruhusiwi kuingia bwenini kwa sababu ya rangi yake, hivyo hulala katika chumba cha matandiko ya farasi pamoja na vitabu vyake. Lakini kitabu hakimsikilizi mtu. Kwa Crooks, anachohitaji binadamu si jibu la busara bali sikio. Ndiyo maana Lennie, asiyekumbuka karibu lolote aambiwalo, anamfaa George: kila mara huomba asimuliwe upya habari za kishamba chao na sungura. Mkewe Curley, ambaye mwandishi hakumpa jina, naye hurandaranda akitafuta msikilizaji, na wanaume humwona mkorofi. Anapompata Lennie, msikilizaji huyo anamuua pasi na kukusudia.

Kishamba hicho si njozi tupu. Bei yake ni dola 600. Candy, mzee aliyepoteza mkono kazini, yuko tayari kutoa 350, ambazo 250 kati yake ni fidia ya mkono huo. Vijana wawili wakipata ujira wa mwezi mmoja, dola 100, zitapungua 150 tu. Ukaribu huu wa matumaini ndio unaoumiza.

Candy pia ndiye anayeuandaa mwisho. Mbwa wake mzee anapigwa risasi na Carlson, na baadaye Candy anamwambia George kwamba ingalifaa amuue mwenyewe. Curley anapomwinda Lennie akinuia kumpiga risasi ya tumbo, George anatangulia mtoni akiwa na bastola ile ile ya Carlson. Anamwambia Lennie atazame ng'ambo, anamsimulia habari za kishamba, kisha anafyatua. Wapo watakaouita usaliti. Kwa kipimo cha riwaya yenyewe ni usuhuba, nao unamgharimu George kila kitu: sasa amekuwa kibarua kama wengine.

Slim anaelewa na kumchukua wakanywe. Carlson, aliyemuua mbwa bila kusita, anabaki akiwatazama wawili hao wakiondoka, asijue kinachowasumbua.