Konokono wa Sikioni

Umepata kumtazama mtoto anayezunguka kama pia, kisha akasimama ghafula? Hupepesuka na kuanguka, akisema nyumba zinazunguka. Wenzake hucheka. Sababu yake imo ndani ya sikio.

Sikio tulionalo (wazazi wengine hulivuta kupita kiasi!) ni mlango tu. Ndani yake mna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma, na nyuma ya ngozi hiyo vifupa vitatu. Baada ya hivyo ndipo lianzapo sikio la ndani, lililofichwa katika mfupa wa kichwa.

Humo mna mirija mitatu iliyopinda, imejaa maji. Ukigeuza kichwa, ubongo hupata habari kwa mwendo wa maji hayo. Mtoto wetu amesimama, lakini maji bado yanakwenda. Basi ubongo hudanganyika. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa sikio la ndani huweza kuyumba kama mlevi, naye hakuonja pombe.

Kando ya mirija hiyo yumo “konokono”. Ni kitu kidogo kama punje ya njegere, kimejikunja mara mbili na nusu. Ndani yake mna chembe hai zipatazo 15,000, zenye vinyweleo. Sauti hutikisa maji, vinyweleo huinama, na neva hupeleka habari ubongoni. Ndiko kusikia.

Kuku akipotewa na chembe hizo huota nyingine. Wataalamu waligundua hayo katika miaka ya 1980. Binadamu haoti. Zikifa, zimekufa. Nazo huuawa na kelele kubwa za siku nyingi, na baadhi ya dawa za sindano kama streptomisini, na homa ya uti wa mgongo.

Basi mtoto aliyepona homa hiyo asipoitika, usimwite mkaidi, wala usimpige kofi la sikio, maana kofi huweza kuipasua ile ngozi ya ngoma. Simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mpeleke hospitali apimwe masikio. Usingoje mavuno yaishe. Baada ya ugonjwa huo konokono huweza kuziba kwa mfupa katika majuma machache tu, na hapo hata kile chombo cha kusikia ambacho madaktari hukitia humo kwa kupasua huwa shida kuingia.