Begi la kukimbia nalo mafuriko

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, wengi wanaoishi bonde la Msimbazi hupandisha godoro juu ya kabati, kisha husubiri. Desemba 2011 kusubiri huko kuligharimu: mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 30, maelfu wakakosa pa kulala, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande.

Begi la dharura nalipima kwa jambo moja. Libebeke mgongoni na mtu aliyemshika mtoto mkononi, majini, gizani. Likishindikana, punguza.

Kinacholemea zaidi ni maji ya kunywa. Lita moja ni kilo moja, na familia ya watu watano inaweza kumaliza lita kumi kwa siku. Hayo hayabebeki. Chukua lita mbili za njiani na pakiti ya vidonge vya kutibu maji. Lakini klorini huishia kwenye tope kabla haijaua vijidudu, kwa hiyo maji machafu yaache yatuame, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo utie kidonge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usubiri nusu saa. Ongeza na pakiti chache za ORS, maana vyoo vya shimo vikishafurika, kipindupindu hakiko mbali.

Chakula kisikusumbue sana: karanga, tende, biskuti. Mchele usiokuwa na moto wa kuupikia ni mzigo tu.

Dawa ndizo husahaulika, nami naziweka mbele ya chakula. Anayetumia dawa za presha, kifafa au ARV atenge za wiki moja au mbili, pamoja na kadi yake ya kliniki, ili kituo kingine kijue anachotumia. Insulini iliyokwisha kufunguliwa hukaa nje ya friji takriban wiki nne bila kuharibika, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Izungushie kitambaa chenye unyevu, na jua lisiifikie.

Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya bima na leseni ya makazi viingie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Vipige picha pia, umtumie ndugu anayeishi mlimani. Misaada hugawiwa kwa orodha, na asiye na kielelezo hubaki akijieleza.

Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye chaji kinashinda simu janja hapa, kwa kuwa betri yake hudumu siku kadhaa. Weka noti ndogondogo. Umeme na mtandao vikikatika, wakala wa pesa za simu hana cha kukupa. Weka pia tochi, pedi, kanga mbili, na viatu vya kufunika mguu, kwani chini ya maji kuna vioo na misumari.

Likague Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Angalia tarehe za dawa, na viatu vya watoto. Hivyo ndivyo huwa vimeshawabana.